Muulize Kocha: Eti nikifuga mbwa nitapungua?

Toleo lililopita tuliongelea kutembea kwa miguu kama zoezi, nikagusia kwa mstari mmoja tu kwamba wenye mbwa wanatembea kuliko sisi wengine. Kumbe nimechokoza nyuki, meseji zilizoingia wiki hizi zaidi ya nusu ni za mbwa. Haya, leo tunamaliza ishu ya mbwa halafu tunarudi kwenye vitambi vyetu.

SWALI: Shikamoo kocha. Mimi ni mama wa watoto watatu nakaa Goba, Dar, nina miaka 46. Kazi yangu ni ya ofisini, kukaa tu asubuhi mpaka jioni, nikitoka hapo foleni, nikifika home ni kochi na tamthilia. Presha imeanza kupanda na daktari kasema nitembee angalau nusu saa kila siku. Kocha nimejaribu kweli, wiki ya kwanza naenda vizuri ya pili naacha, nimeshaanza upya sijui mara ngapi. Sasa mdogo wangu yuko Uingereza anasema nunua mbwa, eti huko wenye mbwa ndo wanafanya mazoezi kuliko wote. Nimeulizia mtoto wa jemani shepadi, bei imenikata maini, halafu baba watoto anasema mbwa tunaye tayari wa nini tena (tunaye wa kienyeji anaitwa Tomi, mchana yuko bandani usiku tunamfungulia alinde). Je ni kweli mbwa anasaidia au ni mambo ya wazungu tu? Ninunue?

JIBU: Marahaba mama. Usinunue. Baba watoto kakupa jibu zuri kuliko alivyojua mwenyewe, nitakuonyesha.

Mdogo wako hajakudanganya. Kuna watafiti wa Chuo Kikuu cha Liverpool walifuatilia familia za eneo moja la Cheshire huko Uingereza, wenye mbwa na wasio na mbwa, mtaa mmoja, hali ya hewa ile ile, matokeo yakatoka 2019. Wenye mbwa walikuwa na nafasi kama mara nne zaidi ya kufikisha zile dakika 150 za mazoezi kwa wiki ambazo Shirika la Afya Duniani linashauri kwa mtu mzima. Mara nne sio mchezo. Na usije ukadhani labda wakishatembeza mbwa basi jimu na baiskeli wanaacha, hapana, hayo mengine waliendelea nayo kama kawaida, matembezi ya mbwa yakawa nyongeza.

Lakini hapa ndo pa kusoma taratibu. Mbwa wa Cheshire anaishi ndani ya nyumba, kwenye kapeti, hana pa kwenda kujisaidia mpaka mtu avae koti amtoe. Asubuhi anatolewa, jioni anatolewa, asipotolewa anaharibu nyumba na anapiga kelele. Yaani mwenye mbwa hajiulizi leo nina mudi ya mazoezi au sina, mbwa ana haja zake na kamba inaning'inia mlangoni. Sasa njoo kwetu. Mbwa wetu kazi yake ni ulinzi, anafungiwa mchana anafunguliwa usiku, choo chake ni huko huko uani, chakula anapelekewa na dada wa kazi. Unaweza kuwa na mbwa wanne wa hivyo na usitembee hata hatua moja ya ziada kwa ajili yao. Kwa hiyo mama, hata ukileta jemani shepadi wa milioni ngapi sijui, akiingia kwenye lile banda pembeni ya Tomi utakuwa umeongeza mdomo wa kulisha na presha iko pale pale. Kinachopunguza presha ni ile kamba, na wewe ukiwa upande wa pili wa kamba.

Umesema wiki ya pili huwa unaacha. Sikushangai, wengi wanaishia hapo hapo, maana ukiacha hakuna anayekuuliza. Daktari utamuona baada ya miezi mitatu, watoto hawana habari, kochi linakupenda. Sasa mtoe Tomi siku nne tano mfululizo saa ile ile uone, siku ya sita kabla hujavaa raba atakuwa ameshasimama mlangoni kwa banda mkia unagonga mabati, jirani wote wanasikia. Hapo kuacha kunakuwa na aibu kidogo, na hiyo aibu ndo dawa uliyokuwa unaitafuta.

Namna ya kuanza, maana mbwa aliyekulia bandani hajui kamba ni nini. Kabla ya yote chanjo ya kichaa cha mbwa. Kama hajachanjwa au imepita mwaka, mpeleke au muite daktari wa mifugo, hili halina mjadala, na akija mwambie ampe na dawa ya minyoo na aangalie kupe. Halafu usimtembeze na mnyororo ule wa kumfungia. Tafuta mkanda wa kifuani, ule unaozunguka kifua na mabega, na kamba fupi nene ya kama mita moja na nusu, sababu akivuta kwa shingo anajikaba na anazidi kuvuta, kifuani unammudu. Siku za mwanzo usitoke getini. Mvalishe muache azoee, atakaa chini agome, atatafuna kamba, atajiviringisha kwenye mchanga kama kaingiliwa na siafu, muache. Weka dagaa wakavu kwenye kimfuko, akipiga hatua mbili bila kuvuta mpe mmoja. Zungukeni uani siku kadhaa ndo mtoke, na mtoke muda ambao barabara haina watu wengi.

Goba mna vilima na barabara za vumbi, hiyo ni neema, kilima kimoja kinakufanyia kazi ya dakika nyingi za tambarare. Lakini pia mna mbwa wa watu, geti lipo wazi wanatoka watatu wanabweka. Usikimbie na usimvute Tomi kwa nguvu, fupisha kamba, muweke upande wa pili wa mwili wako, simama kidogo halafu ondokeni taratibu kwa pembeni, wengi wanabweka mpaka mwisho wa eneo lao wanarudi. Geti lenye mbwa mkorofi kweli kweli badilisha njia, huna unachothibitisha.

Muda: najua watu wa Goba mnaondoka alfajiri kukwepa foleni, sikulazimishi mzunguko mrefu asubuhi. Dakika kumi na tano asubuhi kabla ya kuoga, ishirini jioni ukifika, Jumamosi na Jumapili mnaenda ndefu. Zamani ilikuwa inasemwa zoezi la chini ya dakika kumi halihesabiki, kwenye mwongozo mpya wa 2020 Shirika la Afya Duniani lilishaliondoa hilo sharti, kila dakika inahesabiwa. Ila uwe mwendo wa maana. Kipimo rahisi: unaweza kuongea lakini ukijaribu kuimba pumzi inakata. Tomi atataka kusimama kila nguzo anuse, hiyo ndo gazeti lake, mpe dakika tano za mwanzo anuse mpaka atosheke halafu mkaze mwendo, na mwishoni mpe tena.

Jua la Dar: mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi, anapunguza joto kwa kuhema ulimi nje, na kwenye unyevu wetu huu kuhema kwenyewe hakusaidii sana. Kuanzia kama saa tatu asubuhi mpaka saa kumi jioni muache kivulini. Ukiwa na wasiwasi na lami weka mgongo wa kiganja chini, usipovumilia sekunde saba basi na nyayo zake zinaungua.

Watasema. Watasema mama fulani siku hizi anajifanya mzungu anatembeza mbwa. Waache waseme, baada ya mwezi watazoea na wengine watakuuliza ule mkanda umenunua wapi. Na baba watoto akihofia mbwa atakuwa mpole aache kulinda, mwambie polisi wanatembeza mbwa wao kila siku na hakuna anayewaona wapole. Mbwa aliyefungiwa siku nzima ndo anabwekea kila kitu mpaka nyinyi wenyewe mnaacha kutoka kuangalia.

Mwisho kabisa, kama umepewa dawa za presha usiache kwa sababu umeanza kutembea, hilo ataamua daktari. Na ukisikia kifua kinabana au kizunguzungu simama, kaa, piga simu.

SWALI: Habari kocha, nakusoma nikiwa Leicester, Uingereza, nina mwaka na nusu huku nafanya kazi ya kulea wazee, shifti za masaa 12. Nimenenepa mpaka nguo nilizokuja nazo nimezigawa. Jirani zangu karibu wote wana mbwa, kuna mzee ana zaidi ya miaka 80 mvua inanyesha baridi inakata masikio yeye yupo nje na kijibwa chake, mimi kijana nimejifunika duveti. Nataka na mimi nichukue mbwa ila naogopa na shifti zangu, unanishaurije?

JIBU: Huyo mzee wako yumo kwenye utafiti, natania, lakini wenzake wamo. Watu zaidi ya 3,000 wa Norfolk, huko huko Uingereza, watu wazima na wazee, walivalishwa vifaa vya kupima mwendo, matokeo yakatolewa 2017. Wanaotembeza mbwa walikuwa na kama nusu saa pungufu ya kukaa kwa siku ukilinganisha na wasio na mbwa. Kilichonifurahisha zaidi ni hiki: siku ile mbaya kabisa, baridi, giza, mvua, watembeza mbwa bado walikuwa wanajishughulisha kuliko wasio na mbwa siku ya jua zuri. Isome tena. Kwa hiyo mvua sio sababu, sababu ni kwamba hakuna anayekusubiri utoke.

Lakini kwa shifti za masaa 12, na kama unakaa mwenyewe, usichukue mbwa. Huko wanashauri mbwa asiachwe peke yake zaidi ya masaa manne hivi, wewe ukijumlisha na basi unapotea masaa 14. Utamtesa na mwenye nyumba atakufukuza kwa kelele. Na mbwa huko ni gharama, kuna kumuweka chipu ya utambulisho chini ya ngozi ambayo ni sheria, chanjo, bima, na kinyesi chake unaokota mwenyewe kwa mfuko, usipookota ni faini. Najua kwa mtu aliyekulia Bongo kuokota kinyesi cha mbwa kwa mkono ni mtihani, na ile mifuko ni myembamba balaa.

Azima mbwa. Sio utani. Kuna shirika la hisani linaitwa Cinnamon Trust, lipo tangu 1985, linaunganisha watu wa kujitolea na wazee au wagonjwa wasioweza tena kutoka kuwatembeza mbwa wao. Unapangiwa mbwa wa karibu na kwako, unampitia siku zako za off, unamtembeza unamrudisha, chakula na daktari sio juu yako. Wewe kulea wazee ni kazi yako tayari, lugha yao unaijua. Au anza na huyo mzee jirani, mgongee mwambie siku barabara ina barafu asitoke, utamtolea wewe. Mtaanza kusalimiana, na ukae ukijua huko ugenini mwenye mbwa ndo mtu pekee ambaye watu wasiomjua wanasimama kumsalimia. Ukipata shifti za kawaida tutaongea upya.

SWALI: Asalaam alaykum. Niko Tanga, familia yetu mbwa hatuwezi kumuweka nyumbani kwa mambo ya najisi na twahara unajua mwenyewe. Lakini nimependa hiyo hoja ya kuwa na kitu kinakulazimisha. Kuna mnyama mwingine? Nina paka wawili.

JIBU: Waalaykum salaam. Mambo ya najisi, mate ya mbwa, yupi anaruhusiwa kufugwa na kwa kazi gani, hayo muulize shekhe wako, mimi kocha nisije nikatoa fatwa kwenye gazeti. Paka hawatakusaidia, paka ndo mwalimu wa kulala.

Ila ukiangalia vizuri wewe kitu cha kukulazimisha unacho tayari tena mara tano kwa siku. Nenda msikitini kwa miguu, na usiende ule ulio mlangoni, chagua ulio mbali kidogo, ukiwa dakika kumi kwenda na kumi kurudi basi swala mbili tu, tuseme alfajiri na isha, ni dakika 40 kwa siku. Kwa wiki umeshapita 150 na hujaingia jimu. Saa inajulikana, adhana inaita, na jamaa wa safu yako wasipokuona siku mbili watauliza. Kama ni mwanamke na unaswalia nyumbani, patana na jirani saa ya kutembea baada ya alasiri jua likipungua, na mpatane kwamba atakayechelewa anagongewa mlango.

SWALI: Sasa kocha, mimi ni jamaa wa Roysambu hapa Nairobi. Nimepewa puppy ya jemani shepadi, ako na miezi tano, ni mkubwa na ana nguvu sana. Mimi hukimbia 10K kila weekend, nataka tuwe tukikimbia na yeye kwa lami. Iko sawa?

JIBU: Poa kaka. Haiko sawa, bado ni mtoto. Ukubwa wa mwili usikudanganye, mifupa yake kwenye miisho bado inakua, haijafunga, na hao wa mbegu kubwa wanachelewa mpaka mwaka na zaidi, wengine mwaka na nusu. Ukimkimbiza kilomita kumi kwa lami sasa hivi unamtengenezea matatizo ya nyonga na viwiko, na jemani shepadi nyonga ni ugonjwa wa ukoo wao hata bila wewe kuongeza. Mpe matembezi mafupi mara nyingi, nyasi na udongo, acheze alale. Wewe 10K yako kimbia mwenyewe.

Akikomaa, Karura unaijua, haiko mbali na wewe, ule msitu aliopigania mwanamazingira Wangari Maathai mwaka 1999 mpaka akapigwa. Mbwa wanaruhusiwa wakiwa kwenye kamba, kuna njia za udongo na kivuli cha kutosha. Na uanze sasa kumzoesha watu, baiskeli, boda na watoto wanaopiga kelele, maana majirani hapo unapokaa hawakuulizwa kabla hujamleta, wataogopa na wana haki ya kuogopa. Ukiona mtu anakuja kwenye njia nyembamba vuka wewe na mbwa wako, usimwambie ile "haumi", wote wanaoumwa waliambiwa haumi.

Na hili liwaendee wote: mbwa yeyote akikung'ata, wako au wa mtu, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, halafu hospitali siku hiyo hiyo ukaanze sindano. Usipake pilipili wala mafuta ya taa wala usisubiri uone mbwa atakufa au la. Kichaa cha mbwa dalili zikishaanza kwa binadamu kupona ni karibu hakuna.

SWALI: Kocha mama yangu ana miaka 68 yuko Moshi, tangu baba afariki anakaa na mbwa wake na huwa anamtoa kila jioni mpaka barabarani na kurudi. Mbwa ni mkubwa, juzi alipomuona mbuzi alimvuta, mama akaanguka akachubuka magoti. Tumkataze?

JIBU: Pole kwa mama. Msimkataze haraka haraka. Kuna utafiti wa Sweden wa 2017, waliangalia kumbukumbu za watu zaidi ya milioni 3.4 wa miaka 40 mpaka 80 kwa miaka 12, huko kila mbwa anasajiliwa kwa sheria ndo maana waliweza, wakakuta wanaoishi peke yao wakiwa na mbwa hatari ya kufa katika muda huo ilikuwa chini kwa asilimia 33 kuliko wa peke yao wasio na mbwa. Sasa msiende kumgawia kila bibi mbwa, maana inawezekana kabisa waliokuwa na afya nzuri ndo walioweza kufuga mbwa tangu mwanzo, watafiti wenyewe walilisema hilo. Lakini mama yako ana kitu kinachomtoa nje kila jioni na anaonana na watu, ukimnyang'anya hicho unampa nini badala yake?

Upande wa pili, kuanguka kwa umri huo sio magoti tu. Marekani walihesabu wazee wa miaka 65 na zaidi waliofika hospitali wamevunjika mifupa wakiwa wanatembeza mbwa, kati ya 2004 na 2017 idadi iliongezeka zaidi ya mara mbili, wengi wanawake, na mfupa uliovunjika sana ni nyonga. Nyonga kwa mtu wa miaka 68 inaweza kuwa kitanda miezi.

Kwa hiyo punguzeni nguvu ya mbwa. Mkanda wa kifuani ambao pete yake ya kamba iko mbele kifuani, akivuta anageuka mwenyewe. Mama asizungushe kamba kwenye kiganja wala kifundo cha mkono, aishike ili akizidiwa aiachie, mbwa atarudi nyumbani anapajua. Avae raba zilizofungwa, sio ndala. Njia wapitayo mbuzi jioni aibadili au atoke kabla hawajarudi kutoka malishoni. Na mjukuu mmoja awe anaenda naye, kamba ashike mjukuu, mama ashike fimbo, mbwa atembee katikati.